Inavuka, Haivuki

1

Hadi saa nne asubuhi Sikio lilikuwa limeshawasikiliza watu themanini, na Wilondja alikuwa bado amepiga magoti nyuma ya kabati la mashine hiyo, akibadilisha waya ulioliwa na kutu. Kazi hiyo ilifanyika mashine ikiwa inaendelea, kwa sababu Mamlaka ya Mlima haikutaka foleni isimame hata kidogo. Basi kila baada ya dakika mbili alijisikia akizungumza.

"Inavuka."

Viatu vikaburuzwa. Mtu akainuka, mwingine akaketi.

"Haivuki."

Sauti ilikuwa yake ya zamani, sauti ya kijana wa Baraka aliyezoea kupaaza neno ili lisikike juu ya makelele ya ufukweni. Katika miaka kumi na tisa Mamlaka ilikuwa imebadilisha karibu kila kitu ndani ya Sikio: nyaya, bamba la shaba, kumbukumbu, hata rangi ya kabati. Sauti waliiacha. Walisema watu wanaotoka bondeni huitii upesi zaidi, kwa kuwa ina lafudhi ya kwao.

Karani wa lango akasoma jina lililofuata. "Mauwa Asukulu. Miaka hamsini na minane. Kambi ya Pili."

Wilondja akainua kichwa ghafla, kikagonga rafu ya chuma. Asukulu lilikuwa jina la baba yake.

Akachungulia kwenye upenyo wa kabati. Mwanamke mwembamba, mwenye kitenge kilichopauka hadi maua yake hayajulikani, alikuwa ameketi wima kama anayesubiri kupigwa picha. Karani alimwekea bamba kifuani, chini kidogo ya mtulinga. Kutoka pale alipokuwa, Wilondja aliweza kuona sikio lake la kushoto, lile lililochanika ncha siku hereni iliponaswa na wavu wa dagaa. Wilondja alikuwepo siku hiyo. Yeye ndiye aliyeuvuta wavu.

Taa ya kabati ikawaka.

"Haivuki," akasema yule kijana wa Baraka.

Mauwa hakuinuka. Aliinamisha kichwa akaliangalia bamba kifuani pake, na uso wake ukafunguka.

"Wilo," akaliambia bamba. "Uko ndani mule? Ni miye, yaya yako, dada yako mukubwa."

Karani akacheka. "Mama, hiyo ni mashine. Inuka, kuna watu."

"Ni sauti ya mudogo wangu."

"Hata mimi huwa naisikia ndotoni. Inuka, mama."

2

Ufukweni Baraka, kabla ziwa halijapanda na kumeza soko na barabara zote tatu, hakuna boti iliyovuka kwenda upande wa pili bila fundi kuisikiliza. Fundi alichukua kijiti cha mti mgumu, akakiuma kwa magego, akaegemeza ncha ya pili kwenye injini, akafumba macho. Mlio uliingia kwa meno ukapanda hadi kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na huko kila kitu kilikuwa wazi: beringi iliyolegea, pistoni inayokwaruza, maji yaliyojificha kwenye dizeli. Kisha alisema moja kati ya maneno mawili, na mwenye boti alitii.

Fundi akiwa na shaka, alisema haivuki. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Injini iliyobakizwa kwa kuonewa ilipoteza siku moja. Iliyovushwa kwa kupendelewa ilizimika katikati ya ziwa na kuondoka na watu thelathini. Kwa hiyo zilibaki nyingi ambazo zingevuka vizuri kabisa, na watu walinung'unika kidogo tu, maana kesho yake fundi angeifungua, angeisafisha, angeisikiliza tena.

Wilondja alikuwa na kichwa kisichotulia. Alifunga kinasa mtetemo kwenye kijiti chake, na kwa miaka sita alirekodi injini elfu tatu na mia mbili, kila rekodi ikimalizikia kwa neno lake. Mashine aliyoiunda haikujua pistoni wala beringi ni nini. Ilijua kulinganisha, basi: mtetemo huu unafanana na wa injini ambayo fundi aliiita hivi. Maji yalipomfukuza, alipanda milima ya Mbizi na kisanduku cha mashine hiyo begani, Sikio la kwanza, akafika kwenye mji uliovuta kila tone lake kutoka ziwani, mita elfu moja na mia tano chini. Mji kama huo ulihitaji mno kujua pampu ipi itakufa kesho. Walimpa karatasi ya ukaaji siku hiyohiyo.

Pampu zilikaa ndani ya mashimo, na mashimo yalitaka watu. Kila mgeni aliyekubaliwa mlimani aliapa miaka kumi ya zamu humo, kwenye joto la kuivisha ndizi. Mwaka wa kwanza walidondoka wageni arobaini na mmoja, mioyo imesimama. Ndipo mtu fulani, ambaye Wilondja hakuwahi kuambiwa jina lake, akalichukua Sikio akaliweka kwenye kifua cha binadamu. Likasema neno. Lilipatia mara nyingi kiasi kwamba hakuna aliyetaka kujua lilikosea mara ngapi.

Lakini chini ya yote yaliyoongezwa baadaye, kilichokuwa ndani ni ile shaka ya ufukweni. Na mlimani hapakuwa na kesho yake. Mtu aliyeambiwa haivuki hakufunguliwa akasafishwa. Alipakiwa kwenye lori la saa tisa, akarudishwa kambini, ambako kila masika ziwa lilipanda hatua mia moja zaidi na kipindupindu kikapanda nalo.

3

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Sikazwe."

Theodora Sikazwe, msimamizi wa lango, alikuwa na umri wa kuwa binti yake, na hakuwahi hata siku moja kukosa kumwamkia. Alimvutia kiti, akammiminia uji wa ulezi kutoka kwenye chupa yake mwenyewe.

"Aliyekataliwa sasa hivi ni dada yangu," Wilondja akasema. "Tumbo moja."

"Nimeliona jina. Pole."

"Sikio limekosea."

"Umesema hivyo mara nne mwaka huu." Sikazwe akafungua daftari lenye jalada jeusi, akasoma kwa kidole. "Hoja ya fundi: Sikio lilifundishwa kuogopa. Hoja ya fundi: Sikio halitofautishi kifo na mashaka. Hizi nyingine mbili zinafanana na hizo. Zote nimezipeleka juu, fundi, neno kwa neno."

"Wakasemaje?"

"Wakasema zamani walikuwa wanazika watu arobaini na mmoja kwa mwaka, na mwaka jana wamezika wawili. Mimi niwajibu nini?"

Wilondja aliuangalia uji. Alikuwa amelitafuta jibu hilo kwa miaka, na kila alipokaribia kulipata aliona miili ya watu arobaini na mmoja imelala katikati ya njia.

"Nataka neno la fundi," akasema.

Kanuni ilikuwepo. Aliyekataliwa na Sikio aliweza kusikilizwa na fundi mwenyewe, kwa meno yake, mara moja tu, na neno lake lilizidi la mashine. Kanuni hiyo ilikuwa imetumika mara moja.

"Unamkumbuka Alimasi," Sikazwe akasema. Hakuwa akiuliza.

Alimasi alikuwa mwashi, baba wa watoto watano. Miaka mitatu iliyopita Wilondja alimsikiliza, akasikia kasoro ndogo, akamhurumia, akasema inavuka. Sasa, neno la fundi lilihesabiwa ndani ya Sikio kama masomo elfu moja ya kawaida. Mashine ikajifunza huruma ileile, na katika wiki hiyo ikawapitisha watu kumi na tisa wenye mlio kama wa Alimasi kabla mtu yeyote hajagundua. Wanne kati ya hao ishirini walifia shimoni, Alimasi wa kwanza. Mjane wake anauza maandazi karibu na tangi kuu, na Wilondja huzunguka mtaa mzima asipite hapo.

"Ukisema inavuka kwa dada yako," Sikazwe akaendelea, "humwambii yeye peke yake. Lango litawafungukia wote wenye mlio kama wake. Mlio ukiwa mzuri, umewaokoa. Ukiwa mbaya, unajua."

"Najua."

"Na mimi siwezi kukukatalia. Kanuni ni kanuni." Akatia sahihi, akageuza karatasi ili naye atie. "Kunywa uji kwanza, fundi. Utapoa."

4

Walimweka Mauwa kwenye chumba cha ndani, chenye kuta nene na kiti kimoja. Karani alisimama mlangoni kama shahidi. Ukutani palikuwa na bamba jingine la Sikio, la kupokea neno.

"Umenenepa," Mauwa akasema.

"Na wewe umekonda, yaya."

"Kule chini banakula nini? Matope. Yako mengi, hatujakosa." Akamtazama juu hadi chini, taratibu, kama anayekagua kitambaa cha kununua. "Ile sauti ya kwenye mashine ina nguvu kuliko weye. Ungebakia nayo."

Karani akageuza uso, akikaza midomo asicheke.

"Feza wangu na mjukuu bamepita juzi," Mauwa akasema. "Bako hapo nyuma ya seng'enge. Asubuhi nimesikia mtoto analia. Analia kama mama yake, bila kupumua katikati. Nikasema, sawa, bado kidogo tu nitambeba."

"Yaya, kaa wima. Pumua kawaida. Usizungumze."

"Nisizungumze, miye?" Lakini akanyamaza.

Wilondja akatoa kijiti mfukoni, akakipangusa kwa shati, akakiuma. Hakumuuliza kitu. Ufukweni mwenye boti haulizwi: kila mmoja angeapa kwa wanawe kwamba injini yake haijapata kukohoa, na fundi mwenye kusikiliza maneno husahau kusikiliza chuma. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Akaegemeza ncha kwenye kifua cha dada yake na kufumba macho.

Mwendo ulikuwa mzuri. Ulikuwa mwendo wa dizeli ya zamani isiyo na haraka, iliyokwisha kuzoea mzigo. Akaanza kupata matumaini. Kisha, kwenye pigo la thelathini hivi, kitu kikagonga, hafifu, kama mlango uliosahauliwa kufungwa upepo unapopita. Kimya kifupi. Halafu mwendo ukarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Akangoja. Mlango ukagonga tena. Kimya. Mwendo.

Alisikiliza mpaka taya zikamuuma. Injini ingemlilia hivyo angejua la kufanya: vali haikai vizuri, haivuki, kesho tuifungue. Lakini huu haukuwa chuma, na mbele ya moyo wa mtu hakujua chochote. Hakuna siku mtu alimketisha akamfundisha mioyo. Walimkuta na kijiti na maneno mawili, wakamkabidhi lango la mji.

Akawafikiria wenye mlango unaogonga kama huu, huko chini kambini, ambao kesho wangeketi kwenye kiti kile na kupitishwa na neno lake. Aliwaona mashimoni, mvuke umewafunika hadi viunoni. Labda wangeishi. Labda lingekuwa jambo la Alimasi mara mia. Akamfikiria Feza nyuma ya seng'enge. Akafumbua macho, akakutana na macho ya dada yake, ambayo hayakuwa na wasiwasi hata chembe, kwa sababu aliyekuwa akimpima ni mdogo wake.

Akatoa kijiti mdomoni. Akavuta pumzi.

"Inavuka," akasema.

Taa ya bamba ikawa ya manjano. Ikakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Haivuki," likajibu, kwa sauti yake.

"Nimesema inavuka."

"Haivuki."

Karani hakuwa tena na kicheko. Akaenda kumwita Sikazwe, naye akaja, akasoma kioo kidogo kilichokuwa chini ya bamba, akarudia kukisoma.

"Fundi," akasema, "limekusikiliza na wewe."

"Limenisikiliza vipi?"

"Linasema ulivuta pumzi kwanza." Alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya msiba ya familia nyingine. "Katika rekodi zako zote, ukiwa na uhakika ulisema neno papo hapo. Ukiwa na shaka ulivuta pumzi. Na kila ulipovuta pumzi, neno lilikuwa haivuki. Mara zote, isipokuwa moja."

Hakulitaja jina la Alimasi.

"Linanisikiliza tangu lini?"

"Tangu wakati ule. Walilirekebisha. Nilidhani walikuambia."

"Kwa hiyo neno la fundi halipo."

"Lipo, fundi. Sharti tu uwe na uhakika."

"Basi niache niseme tena. Bila pumzi."

"Mara moja kwa mtu mmoja." Sikazwe alionekana kutaka kumshika bega, kisha akaona afadhali akunje karatasi aliyokuwa nayo. "Ndivyo ilivyoandikwa. Na hata wakikuruhusu, litakuwa limeshakusikia."

Mauwa alikuwa anafunga vifungo vya blauzi. Akawaangalia mmoja mmoja.

"Mnabishania nini?" akauliza. "Wilo amesema navuka. Nimesikia na masikio yangu."

5

Lori la saa tisa lilikuwa limeshawashwa. Wilondja alimsindikiza hadi kwenye mstari mweupe uliochorwa barabarani. Karatasi yake ya ukaaji ilikuwa na sharti moja lililopigiwa mstari: fundi wa Sikio haruhusiwi kuteremka mlima. Siku alipoitia sahihi aliichukulia kama heshima.

Mauwa alifungua kitenge cha juu, akakikunja mara nne.

"Mpe Feza amfungie mtoto. Kule juu mnaona baridi. Na umwambie asimlaze kifudifudi, huyo mtoto anakoroma kama mzee."

"Nitamwambia."

"Usilie mbele ya hawa watu."

"Silii."

"Basi ni jasho." Akampangusa kwa ncha ya mtandio, kwa nguvu, kama alivyompangusa makamasi zamani. Watu walikuwa wanapanda lori, wakipokezana mabegi na watoto. Mauwa akaangalia nyuma, akaona bado ana nafasi ya neno moja. "Ulisikia nini kweli? Usinifiche, miye si mteja wako."

Akamweleza. Mwendo mzuri, halafu kama mlango unaogonga, kimya, halafu mwendo tena.

Mauwa akacheka, kicheko cha kweli, mpaka mwanamke aliyekuwa mbele yake akageuka.

"Ile? Ile iko tangu nizae Feza. Mkunga alinishika kifua akasema, mama, moyo wako unaruka kamba, muzoee tu, hautakuua. Miaka makumi tatu na moja sasa. Nimelima nao, nimebeba matofali nao, nimetembea nao toka kwetu Fizi."

Wilondja akamshika mkono.

"Mbona hukusema, yaya?"

"Nani aliniuliza? Kambini banatuambia, kule juu wakikuuliza, sema uko muzima, usiongeze. Nikangoja mniulize. Hamkuniuliza."

"Na mimi sikukuuliza."

"Weye ulikuwa na kijiti mdomoni," Mauwa akasema, bila lawama, akapanda lori.

Wilondja hakungoja liondoke. Alikimbia, kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, akapita foleni, akapita karani, hadi kwenye meza ya Sikazwe. Alisema yote kwa mkupuo mmoja: mlio ule una miaka thelathini na moja, umebeba matofali, umetembea kutoka Fizi, hauna shaka ndani yake, hatukumuuliza, hatujapata kumuuliza mtu yeyote tangu lango hili lifunguliwe, tunawawekea shaba kifuani na tunawaambia wanyamaze.

Sikazwe alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua daftari jeusi, akaandika. Alikuwa na mwandiko mzuri. Aliandika polepole bila kuacha neno, akamsomea ili ahakikishe, akarekebisha mahali alipokuwa ameandika thelathini badala ya thelathini na moja.

"Hoja ya tano," akasema. "Nitaipeleka kesho asubuhi, fundi. Mimi mwenyewe."

"Lori linaondoka sasa."

"Nalisikia."

Wote wawili wakalisikiliza likibadilisha gia kwenye kona ya kwanza, kisha ya pili, mpaka mlio ukapotea chini ya mlio wa pampu. Katika chumba cha nje sauti ilikuwa inaendelea na kazi, mtu baada ya mtu.

Wilondja akachukua kitenge akatoka kwa mlango wa nyuma. Feza alikuwa amesimama kwenye seng'enge, mtoto mgongoni, vidole vimepenya kwenye nyaya. Alipomwona mjomba wake alitabasamu, akamwamkia, halafu akasogeza kichwa pembeni kidogo ili aone nyuma yake, anayefuata ni nani.